Redio Moja, Kazi Kumi: Maabara Yetu Inangoja Nini?

Wanachuo wenzangu wa uhandisi wa mawasiliano, tuambiane ukweli. Praktikali zetu nyingi ni kupanga foleni mbele ya kisanduku kimoja. Kuna kisanduku cha AM, kuna cha FM, kingine cha FSK, na kila kimoja kinajua kazi yake hiyo hiyo tu. Kikiungua, majibu tunayatoa kwenye desa la waliotutangulia. Tunafaulu, lakini tukiambiwa tubuni kipokezi, tunaishia kutazamana.

Mimi nasema dawa ipo na haihitaji mamilioni: redio inayoendeshwa na programu. Wazo lenyewe si geni. Mhandisi Mmarekani Joseph Mitola alilieleza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na programu huria ya GNU Radio ilianza mwaka 2001. Antena inanasa mawimbi, saketi ndogo inayashusha masafa na kuyageuza kuwa namba, kisha kompyuta inamaliza kazi iliyobaki: kuchuja, kutenganisha stesheni, kutoa sauti au data. Ukibadilisha programu, redio nayo imebadilika. Hugusi nati wala waya.

Mwaka 2012 ilijulikana kwamba vijiti vya USB vya kutazamia televisheni, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kazi hiyo. Cha kawaida hakifiki dola 50, na kinasikia kuanzia takriban MHz 24 hadi 1,700. Asubuhi ni redio ya FM. Mchana unakihamishia MHz 1,090, kinakusomea kimo cha ndege inayopita juu ya chuo.

Wapo walimu wanaohofia kwamba tutakuwa mafundi wa kubonyeza, tusiojua saketi. Nawaelewa, ila kijiti chenyewe kinawajibu. Kigeuzi chake ni cha biti 8 tu. Ukikaa karibu na mnara wa FM, mawimbi yake yanakizidi nguvu, zile ishara dhaifu zinazama, na hakuna programu itakayoziokoa. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini kichujio huwekwa kabla ya kigeuzi. Ubaoni tulikuwa tunakariri tu.

Kurusha mawimbi ni habari nyingine. Hapa Tanzania kuna sheria na vibali vya TCRA, jamani, tusichezee. Tuanze na kupokea.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni hili: iwabane wakuu wa idara tupate vijiti 20, kimoja kwa wanafunzi watatu. Laptopu tunazo. Na mradi wa mwaka wa mwisho upimwe kwa kipokezi kinachofanya kazi mbele ya macho ya mtahini, si kwa unene wa ripoti. Siku hizi mtambo mmoja kwenye mnara wa simu unaweza kubeba 2G hadi 4G, na sehemu kubwa ya mabadiliko yake ni programu. Tusipojifunza kuiandika, kazi yetu pale itakuwa kupanda mnara na kukaza boliti.