Goti la Bandia: Tunza Picha za Kwanza

Huenda mama yako au mama mkwe amewekewa goti la bandia. Ikiwa alitembea vizuri, kisha maumivu yakarudi kila anapokanyaga, usimwambie ni uzee tu. Mpeleke hospitali pamoja na picha za eksirei alizopigwa baada ya upasuaji.

Daktari huzilinganisha na picha mpya. Mstari mwembamba mweusi kati ya mfupa na saruji inayoshika goti, usipobadilika, mara nyingi si wa kutisha. Ukizidi kupanuka, au chuma kikihama, goti huenda linalegea. Picha moja peke yake haiwezi kuonyesha badiliko hilo.

Eksirei ipigwe mgonjwa akiwa amesimama, kama anaweza. Ile ndefu, kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu, huonyesha kama mguu umenyooka.

Picha hazioni yote. Vijidudu pia hulegeza goti, kwa hiyo damu na maji ya goti hupimwa. Goti likivimba na kuwa la moto, au akipata homa, msingoje siku ya kliniki; nendeni siku hiyo hiyo.

Leo itafute bahasha ile, uandike tarehe, uiweke mahali pakavu.