Kwa Jaji Mkuu wa Meksiko: Tuanze na Mahabusu

Mheshimiwa Hugo Aguilar Ortiz,
Rais wa Mahakama ya Juu ya Meksiko.

Tarehe 1 Juni 2025 wananchi wenu waliitwa vituoni kuchagua sehemu ya majaji wa shirikisho, pamoja na wajumbe wote 9 wa Mahakama ya Juu. Wewe, Mmixteco wa San Agustín Tlacotepec kule Oaxaca, uliongoza kwa kura zaidi ya milioni 6. Tangu Benito Juárez, Mzapoteco aliyeiongoza mahakama hiyo katika karne ya 19, hakuna mtu wa jamii za asili aliyekalia kiti hicho. Nakupa hongera, wala siitoi shingo upande.

Hata hivyo, katika kila wapiga kura 100 walijitokeza 13 hivi. Waliobaki nyumbani siwaiti wavivu. Aliyefika kituoni alikabidhiwa karatasi 6 za rangi tofauti kwa nafasi za shirikisho peke yake, akatakiwa kuandika namba za watu ambao wengi wao hakuwahi kuwasikia, kwa sababu wagombea walikatazwa kununua matangazo ya redio na televisheni. Kwenye pengo hilo vikaingia vikaratasi vilivyokunjwa kama mwakenya wa chumba cha mtihani, vikimwonyesha mtu namba za kujaza. Majina ya washindi wote 9 yalikuwamo. Mahakama ya uchaguzi iliyatupa malalamiko kwa kura 3 dhidi ya 2, na kisheria shauri likaishia hapo. Sisemi kwamba ulivichapisha wewe. Nasema aliyeingia kwa mlango huo atatazamwa kwa jicho kali kila serikali inapokuwa upande mmoja wa kesi.

Kuna waliopiga kelele pia kwamba wakili aliyewahi kumtetea El Chapo, mlanguzi mkuu wa dawa za kulevya, amechaguliwa kuwa jaji wa jinai huko Chihuahua. Kelele hizo hazinisumbui sana. Kumtetea mshtakiwa si kosa, na wakili asipatilizwe kwa dhambi za mteja wake.

Wanaoililia mahakama ya zamani nao wasitufanye wasahaulifu. Chini ya mfumo ule, mwaka 2006, mama wa Kiotomi, jamii nyingine ya asili, aliyekuwa akiuza vinywaji baridi na aiskrimu sokoni Querétaro alikamatwa kwa madai ya kuwateka maofisa 6 wa polisi ya shirikisho. Kihispania alikijua kwa shida na mkalimani hakupewa. Alihukumiwa kifungo cha miaka 21, akatoka mwaka 2009, na serikali ikamwomba radhi hadharani mwaka 2017, baada ya vuta nikuvute ndefu. Kwa hiyo Rais wa wakati huo, López Obrador, alipoutia saini mpango wa kuwachagua majaji Septemba 2024, wiki mbili kabla ya kuondoka madarakani, alikuwa na hoja ya kuushika. Mahakama zilikuwa mbali na mtu wa chini. Ubishi ni kama kura imezisogeza karibu.

Kipimo kipo, Mheshimiwa, nacho kiko gerezani. Zaidi ya theluthi moja ya wafungwa wa Meksiko hawajahukumiwa. Ibara ya 19 ya Katiba yenu inaorodhesha makosa ambayo mtuhumiwa wake huwekwa rumande moja kwa moja, jaji asipewe nafasi ya kupima kama atatoroka au kuvuruga ushahidi. Wanaume wawili wa Jimbo la Mexico walikaa rumande zaidi ya miaka 17 bila hukumu. Kesi yao ilifika kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ambayo mwaka 2023 iliitaka Meksiko irekebishe sheria zake. Bunge lilijibu kwa kuirefusha orodha ya makosa mwishoni mwa 2024, muda mfupi baada ya kuziba njia ya kupinga mabadiliko ya Katiba mahakamani.

Utaambiwa basi kwamba mikono yako imefungwa. Haijafungwa yote. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 20, inasema rumande isizidi miaka miwili, isipokuwa pale ucheleweshaji unapotokana na mshtakiwa kutumia haki yake ya kujitetea. Ibara ya 2 inampa mtu wa jamii za asili mkalimani na wakili wanaoijua lugha na desturi yake. Haya yamekwisha kuandikwa, na hayamngoji mbunge yeyote. Mwaka 1996 ulikuwa miongoni mwa washauri wa Wazapatista, waasi wa Chiapas, katika mazungumzo yao na serikali huko San Andrés kuhusu haki za jamii za asili, kwa hiyo hakuna wa kukufundisha namna ahadi ya serikali inavyoweza kuoza kwenye faili.

Ninaloomba ni hili. Waagize majaji wa shirikisho wapitie faili la kila mahabusu aliyepita miaka miwili, na idadi yao itangazwe hadharani, jimbo kwa jimbo. Kila kesi iliyosikilizwa bila mkalimani pale alipohitajika ifunguliwe upya. Fanya hivyo mapema, kabla wananchi hawajaitwa tena kuchagua majaji waliosalia, wapate cha kuwatoa nyumbani.

Wasalaam.