Trela ya Ruiru, jiko la Mombasa

Likizo za shule zikikaribia, simu zetu hujaa video kutoka Ruiru na Thika. Trela ndogo yenye magurudumu mapana, hema juu yake, kisha fundi anavuta droo ubavuni na jiko zima linatoka nje: meko mawili, sinki, bomba na pahali pa kukatia vitunguu. Maoni chini ya video ni yale yale, "Bei gani?" na "Mnaleta Mombasa?" Siku hizi ziko familia, na hata vikundi vya akina mama na vya vijana, vinavyochanga pesa vinunue trela moja ya kukodisha kwa wanaokwenda kupiga kambi Tsavo au Shimba Hills. Bei ni swali la haki, ila lisiwe la kwanza.

Wako wanaosema huu ni ulimbukeni wa kuiga Wazungu. Mimi sioni hivyo. Watu wetu wamekuwa wakifunga sufuria na gunia la mchele juu ya keria tangu zamani, kwa sababu inayoeleweka: ukishatoka Pwani kuelekea Bara, kupata chakula unachokiamini kuwa cha halali hukuchosha, na watoto wanalia njaa. Mwenye jiko lake na tangi lake la maji anapika anachokijua, anatia udhu, anaswali chini ya mti na kuendelea na safari. Kwa hiyo haja ipo. Ninalobishana nalo ni namna tunavyonunua.

Kwanza tuwape wa Bara haki yao. Thika ni mji wa viwanda tangu zamani. Kiwanda cha kuunganisha magari kilichoko huko kilianza miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya, kikawa Kenya Vehicle Manufacturers mwaka 1989, na serikali ina asilimia 35 ya hisa zake. Halafu mwaka 2012 Rais Kibaki akafungua barabara kuu ya Thika, na Ruiru ikafura; sensa ya 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu 490,000. Palipo na watu wengi na barabara nzuri, mafundi wa kuchomelea hufuata. Wamezoea kutengeneza matrela ya mizigo na vibanda vya chipsi vya magurudumu, na mkono wao kwenye chuma kizito ni mwepesi.

Lakini kinachoonyeshwa kwenye video ni jiko, na kitakachokupeleka na kukurudisha salama ni ekseli na mgawanyo wa uzito. Hapa ndipo nataka msomaji atulie.

Trela yoyote ndogo inatakiwa ilaze kama asilimia 10 ya uzito wake, au zaidi kidogo, kwenye kiungo cha gari linaloivuta. Ikiwa imejaa na ina kilo 900, basi kiungoni pawe na kilo 90 hivi. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, mbele panakuwa pepesi, na trela huanza kutikisa mkia. Ukiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa pale Mackinnon Road, lori likikupita kwa kishindo, mkia huo unaweza kuliburuta gari lako hadi upande wa pili. Sasa tazama tena zile video: nyingi zimeweka jiko nyuma kabisa, kwa kuwa hapo linapendeza kupigwa picha. Ongeza tangi la maji la lita 100, ambalo ni kilo 100 kamili, na mtungi wa gesi wa kilo 13 ambao ukijaa uzani wake wote hukaribia mara mbili ya hizo. Vyote nyuma. Maji yanafaa yakae juu ya ekseli, chini kabisa, na jiko liwe ubavuni karibu na katikati.

Kupima si kazi ya injinia. Jaza trela kama unavyosafiri, weka mizani ya kupimia watu juu ya gogo, ulaze kichwa cha trela hapo kikiwa kwenye kimo cha kuvutwa. Fundi anayekataa kipimo hiki ameshakujibu.

Jambo la pili ni chumvi. Fundi wa Ruiru anajenga kwa hewa ya Ruiru. Rangi ya kupuliza inayokaa miaka huko, Nyali au Lamu utaiona inatoa malengelenge ndani ya misimu michache. Chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba kila kitu, yafaa ichovywe kwenye zinki iliyoyeyushwa, na ichovywe baada ya kuchomelewa. Wengine hununua chuma kilichokwisha kutiwa zinki kisha wakakichomelea. Moto huo huiunguza zinki pale pale kwenye kiungo, ambapo kutu huanzia. Na stenlesi nazo si moja. Ile ya 304 inatosha jikoni Nairobi, bali karibu na bahari 316 ndiyo inayostahimili.

Basi nasema hivi: nunua Bara chasisi, ekseli, springi na magurudumu, uletewe. Jiko litengenezwe hapa. Jiko la video ni la chai, mayai na soseji. Wewe unapika pilau ya watu 12, na sufuria hiyo haiketi kwenye meko yale, wala droo ile haihimili uzito wake. Mafundi wa Jomvu na Changamwe wanazijua sufuria zetu, na mlango ukigoma, fundi yuko umbali wa nauli ya matatu, si zaidi ya kilomita 500. Pesa za chama nazo zitazunguka hapa. Mji wetu si mgeni wa kazi hii. Magari yanaunganishwa Miritini pia tangu miaka ya 1970. Sharti moja tu: fundi wa Ruiru aambiwe mapema jiko litakuwa na kilo ngapi na litakaa wapi, ndipo aweke ekseli pahali pake. Na mpishi wa nyumbani aulizwe kabla ya droo kukatwa. Mara nyingi anayenunua ni mume na anayeinama juu ya moto ni mke!

Gesi nayo msifanyie mchezo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Sanduku la mtungi liwe na matundu kwenye sakafu, lisiungane na sehemu ya kulala.

Karatasi pia zina uzito wake. Kwa sheria ya trafiki trela husajiliwa kivyake, hata ikiwa ndogo, na hupewa nambari yake inayoanza na herufi Z. Usikubali "utashughulikia baadaye", hususan kama ni ya kukodisha. Iulize bima yako kwa maandishi kama inalipia gari likiwa linavuta trela.

Malipo yawe kwa mafungu, la mwisho libaki hadi siku ya majaribio. Siku hiyo ipakie mawe au mifuko ya mchanga, uivute kutoka Thika hadi upande wa Kilimambogo na Fourteen Falls, utoke kwenye lami, urudi. Ukifika, gusa kitovu cha kila gurudumu kwa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya uutoe mkono, beringi ina kasoro, na fungu la mwisho lingoje mpaka ifunguliwe mbele ya macho yako.