Saratani ya Ovari: Utafiti wa Mary-Claire King na Funzo Lake kwa Afrika

Kila ifikapo Mei 8, dunia huadhimisha Siku ya Saratani ya Ovari, ugonjwa unaoshambulia vifuko vya mayai ya uzazi na kuwapata wanawake zaidi ya 300,000 kila mwaka. Zaidi ya 200,000 hupoteza maisha katika kipindi hicho hicho. Dalili zake, zikiwemo tumbo kujaa, maumivu ya nyonga na kushiba haraka, hufanana na za maradhi ya kawaida. Aidha, hadi sasa hakuna kipimo cha uchunguzi wa mapema kilichothibitika kupunguza vifo miongoni mwa wanawake wasio na dalili.

Kwa ugonjwa unaojificha namna hiyo, kumtambua aliye hatarini kabla hajaugua kuna thamani ya pekee. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ya mwanajenetiki wa Marekani, Profesa Mary-Claire King.

King alianza mwaka 1974 kuchunguza familia zilizoandamwa na saratani ya matiti, wakati ambapo wanasayansi wengi walitilia shaka kwamba jeni moja ingeweza kurithisha maradhi magumu kiasi hicho. Mwaka 1990, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitangaza kuwa jeni hiyo ipo katika kromosomu ya 17. Watafiti wengine walithibitisha ugunduzi huo na kuonesha kuwa unahusu pia saratani ya ovari. Jeni yenyewe, BRCA1, ilitengwa mwaka 1994. Ya pili, BRCA2, ilifuata mwaka 1995.

Jeni hizo husaidia kukarabati vinasaba vilivyoharibika. Mzazi mwenye hitilafu katika mojawapo anaweza kuirithisha kwa kila mtoto kwa uwezekano wa asilimia 50, awe baba au mama. Utafiti ulioongozwa na King mwaka 2003 jijini New York ulikadiria kuwa asilimia 54 ya wanawake wenye hitilafu ya BRCA1, na asilimia 23 ya wenye ile ya BRCA2, wangepata saratani ya ovari katika maisha yao. Kwa wanawake wote kwa jumla, kiwango hicho ni kama asilimia moja tu.

Utafiti huo ulibaini jambo jingine zito: karibu nusu ya familia zenye hitilafu hizo hazikuwa na historia ya wazi ya saratani, kwa kuwa urithi ulipita kwa wanaume au familia zilikuwa na wanawake wachache. Kwa msingi huo, mwaka 2014 King alipendekeza kila mwanamke wa Marekani apewe fursa ya kupimwa akiwa na umri wa takriban miaka 30.

Pendekezo hilo lina wakosoaji, nao wana hoja. Kipimo bila ushauri nasaha huzua hofu, na kinga iliyo bora zaidi, yaani upasuaji wa kuondoa ovari na mirija ya uzazi, humaliza uwezo wa kushika mimba kwa njia ya kawaida. Kwa sababu hiyo upasuaji huo hufanywa baada ya mwanamke kumaliza kuzaa.

Gharama nayo ilikuwa kikwazo hadi mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kuwa jeni za asili haziwezi kumilikiwa kwa hataza. Uamuzi huo ulifungua milango kwa maabara nyingine kutoa kipimo hicho.

Kwa Afrika, changamoto iliyo kubwa zaidi ni takwimu. Mwaka 2018, Profesa Olufunmilayo Olopade, King na wenzao walichapisha matokeo ya wanawake wa Nigeria yaliyoonesha kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanane wa saratani ya matiti alikuwa na hitilafu ya kurithi. Uchunguzi kama huo ulifanyika pia Uganda na Kameruni. Pasipo tafiti za aina hiyo, majibu mengi ya Waafrika yataendelea kusomeka kuwa "hayajulikani maana yake".

Wakati uwezo huo ukijengwa, kila familia inaweza kuanza na hatua isiyo na gharama: kufahamu ni nani aliugua saratani ya matiti au ya ovari, na akiwa na umri gani, upande wa mama na vilevile wa baba, kisha kumweleza daktari.