Kulima Kutwa Si Tiba ya Kiuno, Kulala Nako Si Tiba

Wanachuo wenzangu, kuna ushauri ambao wengi wetu tumeshautoa kwa simu. Mama yuko nyumbani, anasema kiuno kinamsumbua, mwezi wa nne sasa. Mtoto yuko kwenye kimbweta, desa mkononi, anajibu: "Pole mama, pumzika. Usiiname, usibebe vitu vizito." Ni ushauri wa upendo, ila kwa kiuno kilichouma zaidi ya miezi mitatu si ushauri mzuri. Na kwa mama wa Chamwino ni mbaya mara mbili, kwa sababu hata akitaka kuufuata hawezi. Nani atakwenda kuchota maji?

Hoja yangu ni hii: maumivu sugu ya kiuno yanahitaji mwili utembezwe kwa mpangilio, yaani mazoezi tiba. Na wanaoyahitaji zaidi ni wale wale tunaosema hawayahitaji kwa kuwa "kazi zao tayari ni mazoezi".

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi namna hiyo kufanya shughuli zao. Kwa walio wengi, ukipima hukuti kitu kimoja kilichovunjika ambacho unaweza kukinyooshea kidole na kusema ndicho hiki. Hata picha za MRI zinaweza kutupotosha. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2015 yaliangalia watu wasio na maumivu yoyote. Asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 walionekana na diski zilizochakaa, na kwa wenye miaka 80 walikuwa asilimia 96. Kwa hiyo ukisikia mtu anaambiwa "pingili zako zimeisha", jua kwamba huenda jirani yake mwenye pingili kama hizo anacheza ngoma bila shida.

Sasa tiba. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Mazoezi yamo kati ya yanayopendekezwa, pamoja na kumwelimisha mgonjwa kuhusu hali yake. Mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa kali za jamii ya mofini vimo kwenye orodha ya visivyopendekezwa. Miaka miwili kabla ya hapo, mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 249 ya mazoezi kwa maumivu haya. Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, waliofanya mazoezi walipata nafuu ya wastani wa alama 15 zaidi ya wale ambao hawakupewa tiba au walipewa huduma ya kawaida. Si muujiza. Lakini kwa mtu aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani bila kushika ukuta, alama 15 ni kitu.

Hapa ndipo ninapokatishwa na swali, na ni swali la haki: "Wewe, mama analima kutwa nzima, halafu umwambie afanye mazoezi?"

Tuangalie kulima kwenyewe. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Kiangazi kina kazi zake, kuni na maji, lakini jembe limelala. Mvua ya kwanza ikishuka, jembe la mkono linashikwa alfajiri na haliachwi hadi jua liwe kichwani, siku baada ya siku, maana mtama na uwele havimsubiri mtu. Mgongo uliokaa miezi bila kulima unakunjwa mara maelfu, kwa namna ile ile, upande ule ule. Ukiuma, hakuna kupunguza. Jioni inamngoja ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kichwani. Ukienda kwenye zabibu za Chinangali utakuta kuinama kwa aina nyingine, ila kuinama ni kule kule.

Mazoezi tiba yanakwenda kinyume na hivyo. Yanaanza chini ya uwezo wa mtu, yanaongezwa kidogo kidogo, yanageuza mgongo pande zote na yanaupa siku ya kupumua. Kazi ya shamba inaamuliwa na mvua. Mazoezi tiba yanaamuliwa na hali ya mgongo wenyewe. Mtu aliyeandikiwa vidonge viwili kwa siku akimeza kopo zima siku ya kwanza, hatusemi dawa ni mbaya. Tunasema kazidisha. Jembe la Desemba ni kopo zima.

Kuna jambo la pili. Maumivu yakikaa muda mrefu, mfumo wa fahamu unakuwa mwepesi kupita kiasi, kama king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita. Mtu anaogopa kila mkunjo, anakakamaa, misuli inalegea, na king'ora kinazidi kulia. Mazoezi yanaufundisha mwili tena kwamba kuinama si hatari. Ndiyo maana kauli ya "usiiname kabisa" inaweza kudhuru: inamwongezea mgonjwa hofu juu ya maumivu aliyonayo.

Vifaa? Mkeka. Mgonjwa analala chali, anakunja magoti, ananyanyua kiuno, anahesabu hadi tano, anashusha. Anarudia mara nane. Kisha anapiga magoti na kuweka viganja chini, anaukunja mgongo juu kama paka aliyeshtuka, halafu anaulegeza. Halafu anakaa kwenye kigoda na kuinuka bila kujishika, mara kumi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakiwa makubwa zaidi kesho yake asubuhi, punguza, usiache. Na kuna kutembea. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2024 liliwafuata watu 701 ambao kiuno chao kilikuwa kimetoka kupona. Waliopangiwa kutembea, wakiongeza taratibu hadi dakika 30 mara tano kwa wiki, huku mtaalamu akiwaelekeza, walikaa siku 208 kabla nusu yao hawajarudiwa na maumivu. Wasiopangiwa walikaa siku 112.

Tusije tukapeleka mkeka mahali panapohitaji daktari. Dodoma ni nchi ya mifugo, na maziwa yasiyochemshwa huleta brusela, ugonjwa wa homa za vipindi na mgongo kuuma. Kifua kikuu nacho hushika uti wa mgongo. Kwa hiyo mwenye homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, ganzi sehemu za siri, mguu kulegea, mkojo kumtoka au kuziba, au aliyeanza kuumwa baada ya ajali, aende hospitali kwanza. Na vidonge vya diklofenaki vinaweza kupoza siku mbaya, lakini kuvimeza miezi bila ushauri kunaumiza tumbo na figo.

Basi kikwazo ni nini? Viwili. Cha kwanza ni aibu. Bibi wa kijijini akionekana amelala uani ananyanyua kiuno, watoto watacheka wiki nzima. Hilo linatatuliwa kwa kufanya kwa kikundi. Akina mama wa Kigogo hawana ugeni na kikundi. Wanapiga muheme pamoja, ngoma katikati ya mapaja, na mwili mzima unafanya kazi. Sisemi muheme umepimwa kuwa tiba. Nasema aina nyingi za mazoezi zilizopimwa zimeshinda kukaa tu, kwa hiyo la kutafuta ni lile ambalo watu watalifanya hadi mwezi wa tatu.

Cha pili ni mwalimu. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, na walio wengi wako mijini. Lakini Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaoingia nyumba kwa nyumba. Mhudumu anayeweza kufundisha lishe ya mtoto anaweza kufundishwa mazoezi matano na dalili za hatari. Naishauri wilaya iliweke hili kwenye mafunzo yao.

Na sisi? Tunajisifu kwamba tunapiga msuli, wakati msuli wenyewe hatunao. Saa sita kwenye kimbweta kisicho na egemeo, shingo kwenye simu, halafu kitandani. Viuno vyetu viko kwenye foleni ile ile, tumechelewa tu. Inuka kila baada ya nusu saa. Tembea hadi darasani badala ya kupanda bodaboda.

Zaidi ya hapo, naiomba serikali ya wanafunzi ianze na Jumamosi moja kwa mwezi, kijiji kimoja, kabla ya mvua za Desemba ili miili iingie shambani imeandaliwa. Mtaalamu mmoja, wanafunzi kumi wa afya, na wenye nyumba watatoa mikeka. Sisi tunaojua Kigogo tutatafsiri. Kila mwaka tunakodi basi kwenda kwenye bonanza. Basi hilo hilo linafika Mvumi.