Usidanganyike na Silinda Inayong'aa

Kuna wateja wanaokuja gereji za Gerezani kuchukua injini, wakichungulia ndani ya bloku wanakunja uso: "Fundi, mbona umeikwangua?" Wanataka kuta zing'ae. Mikwaruzo ile ndiyo kazi waliyoilipia.

Ringi za pistoni hutembea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukuta laini kupita kiasi hauna pa kuishikia oili hiyo, na ringi mpya hazipati pa kujilaza. Ndiyo maana gari linatoka ovahoo likitoa moshi wa bluu, na lawama zote zinaangukia spea. Ili ukuta ushike oili, mawe ya kusugulia huzunguka huku yakipanda na kushuka, yakiacha mistari iliyokatana kama nyavu, kwa nyuzi 45 hivi. Mistari ikisimama mno, oili huteremka upesi. Ikilala mno, hubaki nyingi na injini huila. Mchongaji makini humalizia kwa jiwe laini zaidi, apunguze ncha kali za mikwaruzo na kuacha mifereji yake.

Sasa yupo anayefunga msasa kwenye kijiti cha drili, dakika mbili, kwisha. Msasa huo unafuata shimo lilivyo. Silinda hulika zaidi kule juu, ringi ya kwanza inapogeukia, kwa hiyo shimo lililopanuka juu litabaki limepanuka, ila sasa lina mikwaruzo. Likipita kipimo, lichongwe lizidi saizi ya awali kwa milimita 0.25 au 0.50, na pistoni zinunuliwe za saizi hiyo. Ni gharama, najua.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni kuosha bloku kwa petroli. Petroli inaondoa mafuta tu. Unga wa mawe unabaki umejikita kwenye mifereji, na injini ikiwaka unaanza kuzila ringi ulizonunua jana. Dawa yake ni maji ya moto, brashi na sabuni ya unga, ile ile ya kufulia. Kisha ikaushwe na kupakwa oili papo hapo, maana chuma kitupu hakichelewi kushika kutu.

Ndugu mwenye gari, kabla pistoni hazijaingia nenda gereji. Mwombe fundi apitishe kitambaa cheupe chenye oili ndani ya kila silinda. Kikitoka na rangi ya kijivu, bloku irudi kuoshwa, hata kama fundi amenuna.