KABLA YA KUMPELEKA BIBI KWENYE MAKAO YA WAZEE

Wadau, nilipotea kidogo. Nilikuwa Njisi, kule Kyela, kwa bibi mzaa mama. Bibi ana zaidi ya miaka 80 na magoti yamegoma. Hivi karibuni alianguka usiku akienda chooni. Alikaa chini pale pale mpaka kulipokucha, jirani ndiye aliyemsikia.

Kikao cha familia kikafanyika kwa simu. Mjomba, aliye Dar, akasema tumtafutie makao ya wazee, yeye atalipia. Mama akalia. Mama mdogo akawa mkali: sisi Wanyakyusa hatuna mambo hayo ya Kizungu! Mwishowe nikatumwa mimi. "Wewe mwandishi, si unalipwa kwa kuuliza maswali? Nenda ukaangalie."

Kitu cha kwanza nilichojifunza: makao ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Kolandoto Shinyanga, si gesti kwamba unalipia chumba. Ni ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu, na mlango wake ni Ustawi wa Jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema wazi kwamba mlezi ni familia kwanza, makao ni hatua ya mwisho. Bibi mwenye watoto watatu wenye mishahara angechukua kitanda cha asiye na mtu. Kwetu yalibaki machache ya mashirika ya dini na ya watu binafsi.

Nikaenda kwenye mojawapo, jina naliweka kapuni. Nilifika bila taarifa, saa ya chakula cha mchana. Kabla ya ofisi niliomba kwenda chooni: sakafu inateleza? Kuna chuma cha kushikia? Kisha nikauliza. Usiku wanabaki wahudumu wangapi? Dawa anashika nani? Mzee akiugua mnampigia nani? Akifariki anazikwa wapi? Mwisho nikaomba kukaa na wazee peke yangu, bila mhudumu.

Choo kilikuwa kisafi na chakula kizuri. Usiku, mhudumu mmoja kwa jengo zima. Bibi mmoja akaniambia, "Hapa nashiba, mjukuu wangu. Ila hakuna anayejua lugha yangu."

Niliporudi Njisi nikafungua daftari lile lile na kuikagua nyumba yetu. Lugha na majirani, kumi kwa kumi. Kaburi la babu liko pale pale kando ya migomba. Choo kiko nje, na mvua za Kyela mnazijua, uani ni utelezi mtupu. Dawa anashika binamu yangu wa darasa la nne. Usiku hakuna mtu mzima. Jamani, nyumba yetu imefeli!

Ndiyo maana hoja ya mama mdogo hainiridhishi. Zamani vijana wa Kinyakyusa waliondoka kwa baba zao wakajenga vijiji vyao, wakaishi na marika wenzao mpaka uzeeni. Monica Wilson aliandika kitabu kizima kuhusu vijiji hivyo mwaka 1951. Kwa hiyo mzee kuishi na wa rika lake hakukuletwa na Mzungu. Na kumwacha bibi peke yake gizani tukaita utamaduni, hapana.

Msimamo wangu ni huu: makao si dhambi, lakini kabla ya kuyakagua, kagua kwanza nyumba anayoishi mzee wako, kwa maswali yale yale. Hela aliyotaka kulipa mjomba inatosha choo cha ndani na mshahara wa mtu mzima wa kulala na bibi. Hayo yakishindikana ndipo tuzungumzie makao.

Nilipomsomea bibi daftari langu alicheka sana. "Mmekagua nyumba zote, mimi hamkuniuliza." Nikamuuliza. Akasema siku akili ikimpotea tumpeleke tunakotaka, kwa sasa anataka choo, na mtu wa kuongea naye usiku.

Mjomba ameshatuma nusu ya hela, fundi ameanza msingi. Msaidizi bado hatujampata, na mpaka apatikane mama amehamia Njisi. Wewe bibi yako analala na nani leo? Nawakilisha.